Kitani cha Saa Tatu

Chumba changu cha Bukavu nilikipata kwa kuahidi maua. Nilikuwa nimesimama katikati ya kilima, beseni la sambaza la mtu kichwani na sakoshi yangu ya nguo begani, sina pa kulala, na maneno yakanitoka kabla sijayafikiri. Hivyo ndivyo mambo yangu mengi yalivyoanza.

Mwenye chumba alikuwa mjane wa makamo. Mtaa mzima ulimwita Maman, na mimi pia. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Nyawera, na siku hiyo nilikuwa namsaidia kupandisha mojawapo ya mabeseni yake mawili kwenda kwake, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo njia inaacha kuwa njia na kuwa ngazi za udongo. Njia nzima alinung'unika. Nilidhani analalamikia soko. Kumbe alikuwa analalamikia plastiki.

Parokia yao, kama parokia zote za kwetu, imegawanyika katika mashirika, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kila shirika hupeleka maua yake altareni. Mwezi wa nane ni katikati ya kiangazi. Vilima vimekuwa rangi ya mkate, vumbi linakaa hadi kwenye chai. Walio chini, Nguba, karibu na ziwa, wana bomba na waridi. Walio juu hawana kitu. Mwaka uliotangulia, Maman, ambaye ndiye mwenye kazi ya maua katika shirika lake, alipeleka maua ya plastiki. Aliyaosha kwa sabuni ya unga, akayapanga vizuri. Na padri, mikrofoni ikiwa wazi, akasema: "Tunashukuru pia shirika ambalo maua yake hayatakufa hata siku moja."

Watu walicheka hadi watoto waliolala migongoni wakaamka. Aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa mama wa maua wa shirika la Nguba.

"Ile kicheko iko bado mu masikio yangu," Maman aliniambia, tukiwa tumesimama kupumua. "Mwaka muzima. Iko kama mbu."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Ndani ya sakoshi yangu mlikuwa na pakiti ya mbegu. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miezi michache katika bustani ya mgeni mmoja huko huko Nguba. Alipofunga safari ya kurudi kwao aliniachia buti zisizonitosha na boksi la vitu vidogo vidogo. Buti nilibadilisha na tochi. Pakiti niliiweka kwa sababu ilikuwa na maandishi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kusoma hakukuniacha mimi. Nasoma mifuko ya sementi. Nasoma karatasi za dawa za watu nisiowajua. Nikinunua karanga, naanza kusoma karatasi kabla ya kula, na nimewahi kurudi kwa muuzaji kuomba ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo pakiti ile niliijua kwa moyo. Iliandikwa kwa Kifaransa: lin ya buluu. Kwa Kiswahili cha vitabu mmea huo unaitwa kitani, na jamaa yake ndiye anayetengenezwa kuwa kitambaa. Huyu wa pakiti alikuwa wa maua tu. Anapenda jua, anapenda udongo maskini, anavumilia ukame. Na lilikuwepo neno moja ambalo sikuwa na uhakika nalo, vivace, ambalo mwenye bustani aliwahi kunieleza: mmea wa namna hiyo haufi ukishatoa maua, unakaa mahali pake na mwaka unaofuata unatoa tena. Nakumbuka niliona jambo hilo kuwa la ajabu sana, kitu kukaa mahali pake kwa hiari.

"Maman," nilisema, "niko na mbegu ya maua. Kiangazi haiogopi."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Buluu gani? Ya polisi?"

"Ya joho la Maria."

Alishusha beseni lake. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, na viatu vyangu vilimchukua muda.

"Niko na chumba," akasema. "Utakaa. Lakini mwezi wa nane ikifika na maua hakuna, unabeba sakoshi yako na unashuka. Sitaki tena maelezo."

"Na ikiwa yapo?"

"Ikiwa yapo, tutaona."

Ulikuwa mwezi wa tisa. Nilitundika sakoshi kwenye msumari nyuma ya mlango bila kutoa vitu vyangu ndani, kama kawaida yangu, nikaanza kazi siku iyo hiyo, mvua ya kwanza ikipiga bati.

Yeyote aliyekulia pande hizi anajua kuotesha kabichi, hata kama hajui kitu kingine. Unatengeneza pepinyeri: kitalu cha udongo laini uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Unafukia mbegu, unajenga juu yake kijidari cha majani ya ndizi ili jua lisiipige, unamwagilia asubuhi na jioni. Miche ikipata majani manne unaing'oa na kuipanda pengine. Hivyo ndivyo nilivyofanya na nusu ya pakiti. Nilijenga kijidari kizuri kiasi kwamba majirani walikuja kukitazama. Nilimwagilia kama mtu anayelipwa kwa kila bidoni la maji. Wiki tatu, hakuna. Wiki ya nne vikatoka vijinyuzi saba, vyeupe, vinavyotetemeka. Nikavipenda mno. Nikavihamisha kwa uangalifu wote wa kabichi, nikavipa shimo moja moja. Kufikia jioni vyote saba vilikuwa vimelala chini, na havikuamka tena.

Nikachukua pakiti, nikasoma tena maandishi madogo ya chini ambayo nilikuwa nimeyasoma labda mara mia. Usifukie, mbegu inahitaji mwanga. Usimwagilie sana. Panda mahali pa kudumu, hapendi kuhamishwa.

Macho yangu yalikuwa yameyajua maneno hayo muda wote. Mikono yangu ilikuwa imelima kabichi.

Nusu ya pili niliipanda kwa kufuata karatasi. Nilichagua kipande cha ua kando ya ukuta, penye jua, nikakwangua udongo kidogo, nikanyunyiza mbegu juu na kuziacha wazi. Ni mbegu nzuri, kahawia, bapa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikaweka vijiti vinne kuzunguka ili watu wajue. Jioni ikanyesha mvua nyepesi, nikatoka kutazama, nikagundua jambo lililonifurahisha kupita kiasi: mbegu ya kitani ikilowa inatoa ute. Nilikuwa na moja kidoleni na haikutaka kutoka. Nilitembea nayo ndani ya nyumba nikimwonyesha Maman.

"Angalia, maman! Imenishika!"

"Angalau kuna kitu imekushika," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Asubuhi nilipoamka, ua ulikuwa unang'aa kama sahani. Hakuna vijiti. Hakuna mbegu. Hata alama ya kidole changu haikuwepo.

Niseme kwa haki: kosa lilikuwa langu. Huku kwetu ua ambao haujafagiwa saa kumi na mbili ya asubuhi ni aibu ya ukoo mzima. Maman alifagia kila siku kabla ya kwenda sokoni, akiwa ameinama, kwa ufagio wa njukuti, kutoka mlangoni hadi mwisho wa ua ambapo kilima kimekatika. Uchafu wote aliusukuma hadi hapo, kwenye lundo la kokoto, konkase kwa lugha ya mtaa, ambazo marehemu mume wake alinunua za kujengea ukuta. Ukuta haukujengwa. Kokoto zilibaki. Akifika hapo aligonga ufagio juu ya mawe mara tatu, pa, pa, pa, kuukung'uta, na mtaa ulijua kumekucha.

"Maman, umefagia maua!"

"Maua? Nimekuta bijiti ine na uchafu."

"Ilikuwa mbegu!"

"Sasa mbegu gani inalala juu ya udongo kama mulevi? Mbegu iko chini. Hata mutoto anajua."

Nami nilifukia zangu za kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Pakiti ilikuwa tupu, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Miezi ya kwanza ya mvua ikapita namna hiyo. Kila Jumapili akitoka misa ya kwanza aliniuliza: "Buluu yetu?" Nami nilijibu: "Inachelewaka, maman. Inatoka mbali." Nilitengeneza redio za watu, nilibeba mizigo Nyawera, nilijifunza kushona viti vya pikipiki kwa sababu nilitaka kujua sindano yake inapinda vipi. Lakini swali la Jumapili lilizidi kuwa zito. Mwezi wa kwanza ulipofika nilisikia kwamba Mumosho wanahitaji watu wa kuvuna maharagwe. Nikachukua sakoshi msumarini, nikamwambia Maman naenda wiki moja.

Alijua kwamba sirudi, na mimi nilijua kwamba alijua. Alinifungia mihogo miwili ya kuchemsha katika jani, akanipa bila kuniangalia.

Mumosho nilikaa vizuri, mwezi na zaidi. Nilivuna maharagwe asubuhi, alasiri nilishuka kutazama mto Ruzizi unavyoharakisha kama umechelewa mahali. Nilikuwa nimeanza kumuuliza mfyatua matofali mmoja maswali mengi, na kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo dalili ya kuhama. Ndipo simu ikalia.

"Papa," Maman akaniita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita vijana wao, "uko wapi?"

"Mumosho, maman."

"Wiki yako iko na siku ngapi? Hapa kwetu iko na saba."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sikiliza," akasema. "Ku konkase yangu kuko majani. Mi sijaipanda. Iko nyembamba, kama nywele ya muzungu. Inatikisika hata upepo hakuna. Nimekata kidogo nimepelekea simbilisi."

Simbilisi ni vile vipanya vinene visivyo na mkia ambavyo akina mama wa kwetu hufuga chini ya jiko. Wanakula kila kitu. Wale wa Maman waliwahi kula kalenda.

"Wamekula?" niliuliza.

"Wamenusa. Kisha wamenigeuzia matako. Sasa naenda kung'oa yote, juu ya ile..."

"Usiguse! Maman, tafadhali! Usiguse, usimwagilie, usifagie! Nakuja!"

"Usifagie?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Ua yangu?"

Nilipata pikipiki. Njia ilikuwa tope tupu, tulianguka mara mbili, na mara zote mbili nilicheka kiasi kwamba dereva aliniuliza kama nimetoka hospitali. Nilipofika, jua lilikuwa bado juu ya kilima cha pili. Sikuingia ndani. Nilipita na tope langu moja kwa moja hadi kwenye lundo la kokoto.

Walikuwa wamesimama pale, mashina labda thelathini, urefu wa mkono hadi kiwiko, kijani chenye buluu ndani yake, majani membamba kama vijiti vya kibiriti. Walitoka katikati ya mawe matupu. Kila kitu walichotaka kilikuwa pale: jua, umaskini, na maji yanayopita bila kukaa. Na walikuwa wameota zaidi mahali pamoja, sehemu ya juu ya lundo, pale jiwe kubwa lilipokuwa limechakaa kwa kugongwa.

Nikaelewa. Nikakaa chini.

"Ufagio," nilisema. "Maman, mbegu ilikuwa na ute. Ilishika kwenye ufagio. Umekuja hapa, pa, pa, pa..."

Maman aliangalia jiwe. Akaangalia majani. Nikaona uso wake unafunguka polepole, kama mtu anayeletewa habari ya urithi.

"Kumbe ni mimi nimepanda!"

"Ni wewe, maman."

"Na wewe na darasa yako ya tano, na karatasi yako, umeua ngapi?"

"Saba."

"Saba!" Akapiga makofi, akaenda kumwambia jirani wa kushoto, kisha wa kulia. Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyepanda. Mimi nilikuwa kijana wa kusoma pakiti.

Sakoshi ikarudi msumarini. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, nayo ilikuwa ya kutofanya kitu. Kusimama kando ya mmea unaoupenda, bidoni mkononi, na kutomwaga. Majirani walipita na maji ya kufulia wakitaka kusaidia, nikawazuia kwa mikono miwili. Mvua zikaisha. Mwezi wa sita vilima vikaanza kukauka, migomba ikaning'inia, hata magugu yakaacha kazi. Kitani hakikujali. Kilipanda hadi kiunoni, kikatoa vichwa vidogo vilivyoinama, kama watu wanaosoma.

Siku ya ua la kwanza nilikuwa peke yangu. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, Maman yuko sokoni. Nilitoka kupiga mswaki, nikaona kitu cha buluu kwenye kokoto, nikadhani ni karatasi ya peremende. Nilisogea. Majani matano ya ua, membamba kiasi kwamba jua lilipita ndani, na mishipa midogo ya buluu iliyokolea ikikimbilia katikati. Nilibaki na mswaki mdomoni. Kisha nikaanza kukimbia. Sijui nilikimbilia wapi, ua wenyewe ni hatua kumi na mbili. Nilikwenda kwa jirani wa kushoto, hayupo. Wa kulia, hayupo. Nikarudi, yamekuwa mawili. Nikaimba kitu. Nikawaonyesha simbilisi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Saa nane nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele ya ua nikimsubiri Maman. Upepo mdogo ukapanda kutoka ziwani. Majani matano yakaanguka, moja, mawili, kisha yote kwa pamoja. La pili pia. Saa kumi Maman alifika.

"Buluu imefunguka!" nilipiga kelele.

"Iko wapi?"

"Imeanguka."

Alishusha beseni. "Imefunguka na imeanguka."

"Ndiyo. Saa nane."

"Haya," akasema, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa walevi, akaingia ndani.

Siku ya pili yalifunguka manne. Alipofika, hakuna. Siku ya tatu tisa. Hakuna. Nilikusanya majani yaliyoanguka katika kikombe nikampelekea; yalikuwa yamejikunja kama ngozi ya kitunguu. Akayageuza kwa kidole.

"Unanichezea, papa? Hii iko nini? Umekata foulard ya kichwa ya nani?"

"Kesho usiende sokoni mapema. Ukae mpaka saa tatu. Naomba."

"Sambaza itanisubiri? Sambaza haina subira. Saa ine inaanza kunuka."

Lakini alikaa. Nafikiri hakulala vizuri. Alijitia anachambua mboga, mgongo ameugeuzia kokoto ili nisione kwamba anatazama. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa. Jua likatoka nyuma ya vilima vya ng'ambo, likafika kwenye bati la jirani, likashuka ukutani, likagusa kokoto. Na kitani kikafunguka. Huwezi kuona ua moja likifunguka. Unageuza macho, ukirudi liko wazi. Lakini asubuhi hiyo yalikuwa mengi kiasi kwamba kila ulipogeuza macho jingine lilikuwa limekudanganya.

Maman alisimama, mboga zikamwagika. Alifanya ishara ya msalaba, akaenda akasimama karibu kabisa, akavuta pumzi kunusa. Kitani hakina harufu yoyote. Akasema: "Haina kiburi."

Alichelewa sana sokoni, na nasikia siku hiyo aliuza huku akisimulia, na sambaza zikaisha haraka kuliko kawaida.

Furaha yetu ilidumu hadi jioni, alipokaa ghafla juu ya kigoda na kuuliza: "Sasa altareni?"

Nikaona shimo lote kwa mara moja. Maua ya sikukuu hupangwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Maua yetu yangekuwa yameanguka tangu mchana. Kung'oa mimea na kuipeleka haikuwezekana, nilishaua saba. Nikakata tawi lenye vichwa vilivyofungwa, nikalitia kwenye chupa ya maji, nikaliweka ndani, gizani kama kanisani. Asubuhi halikufunguka. Nikalitoa nje, penye jua. Likafunguka, likakaa saa zake, likaanguka. Nilirudia siku nne, nikiandika ukutani kwa makaa: ndani, hapana, nje, ndiyo.

"Misa ya sikukuu iko wapi?" niliuliza.

"Inje. Batu wanakuwa wengi. Wanaweka altare ku ngazi ya kanisa."

"Saa ngapi?"

"Tatu."

Tuliangaliana.

"Tunakata alfajiri," nilisema, "zikiwa zimefungwa. Tunaziweka kwenye maji. Jua likitoka, zinafunguka."

"Na jua ikikosa?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Mwezi wa nane Bukavu kuna asubuhi ambazo ukungu na vumbi havinyanyuki hadi saa tano. Jua likikosa, Maman angesimama mbele ya parokia nzima na mabeseni ya majani, na mimi ningeshuka kilima na sakoshi yangu. Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Plastiki hairudi," akasema mwishoni. "Tunakata."

Tulikata kukiwa na mwanga wa kijivu tu, yeye na mimi na akina mama watatu wa shirika lake. Tulijaza mabeseni manne ya sambaza, yaliyosuguliwa kwa majivu hadi yakakaribia kuacha kunuka. Hakuna hata chembe moja ya buluu iliyoonekana. Tulipotelemka kwa mstari, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona beseni la mbele yangu, nilisikia tu maji yake.

Mashirika mengine yalikuwa yameshapanga tangu jana. Waridi za Nguba zilisimama mbele kabisa, nyekundu, zimenyunyiziwa maji. Mama wa Nguba alitembea polepole mbele ya mabeseni yetu.

"Mama," akamwambia Maman, kwa upole kabisa, "mwaka huu mumeletea Bikira Maria majani ya simbilisi?"

"Simbilisi imekataa," Maman akajibu.

"Hata simbilisi!"

Wakacheka. Maman alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa vidole vyote kumi. Niliangalia juu: nyeupe. Kengele ikalia, wimbo wa kuingia ukaanza, padri akapanda ngazi, akatazama waridi, akatazama mabeseni yetu ya majani, na nikaona mdomo wake unatafuta neno.

Hakulipata mara moja, akaanza misa. Watu wakaimba. Niliangalia ukuta wa kanisa kwa sababu ulikuwa mweupe na mrefu, na katikati ya Utukufu kwa Mungu, ngoma zikiwa zimepamba moto, nikaona juu kabisa mstari wa manjano. Ukashuka kwenye dirisha, ukashuka kwenye mlango, ukashuka ngazi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nauvuta kwa macho kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Ukafika kwenye mabeseni.

Sikuangalia maua. Nilimwangalia mama wa Nguba, na usoni mwake nikaona yamefunguka.

Alikuwa anaimba, akaacha. Nyuma yake safu nzima ikaacha. Padri aligeuka kuona nini kimenyamazisha watu wake, na mbele yake kulikuwa na mabeseni manne ya buluu, buluu ile ile ya joho la sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa juu yake, mamia ya maua yakitikisika kwa kishindo cha ngoma. Alisahau kuketi. Katekista alilazimika kumgusa kiwiko.

Wakati wa sadaka, akina mama wa shirika letu walipita mbele wakicheza, na Maman mbele yao, mabega yakifanya kazi ambayo sikujua mabega yake yanaijua. Kila waliporuka, majani machache ya maua yalidondoka. Kufikia komunyo upepo wa ziwani ulikuja kumaliza kazi. Yaliruka juu ya kitambaa cha altare, juu ya ngazi, juu ya waridi. Moja lilikaa kwenye kipara cha padri, likabaki hapo hadi baraka ya mwisho. Hakulitoa. Nafikiri alijua liko pale. Katika matangazo alisema tu: "Shirika la juu, mwaka jana nilisema neno. Nalirudisha." Na safari hii watu walicheka naye, na Maman alicheka kuliko wote, na kwa muda mrefu kuliko wote, akimwangalia padri, siyo Nguba.

Mama wa Nguba alikuja baadaye, tukikusanya mabeseni. Yalikuwa yamerudi kuwa majani.

"Zimekwisha zote," akasema, kama anayeomboleza kweli.

"Kesho kuko zingine. Kuja kwangu saa tatu, usichelewe."

"Utanipa mbegu?"

"Kwako kuko bomba na udongo mweusi. Hii haiwezi. Hii inataka konkase." Kisha akamwonea huruma. "Nitakupa. Lakini ukuje na ufagio yako. Nitakuonyesha."

Maman alitangulia nyumbani. Nilipofika na mabeseni niliingia chumbani kubadilisha shati lililolowa. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu. Nilitafuta chini ya kitanda. Nikatoka nje, nikaikuta sakoshi yangu jikoni, imening'inizwa juani juu ya simbilisi. Vitu vyangu vyote, suruali mbili, tochi, pakiti tupu, vilikuwa vimepangwa kwenye rafu ya ndani, pembeni ya sahani za wageni. Sakoshi ilikuwa imejaa hadi mdomoni vile vifuko vikavu vya kitani, vinavyolia kama njuga ukivitikisa.

"Maman, sakoshi yangu!"

"Mbegu inakauka ndani. Haiwezi kuhamishwa. Si umesema mwenyewe?"

"Hiyo ni miche, maman. Na nikitaka kwenda mahali?"

Alikuwa ameshainama, ufagio mkononi, anafagia vumbi la wageni waliokuwa wameanza kupanda kuja kuona kokoto. Alifika mwisho wa ua. Pa, pa, pa.

"Uende wapi?" akasema. "Kesho saa tatu zinafunguka."